Injini kuwaka si habari, vuta boliti kwanza

Ndugu yangu, umesema umenunua ndege ndogo aina ya Quicksilver iliyokaa miaka saba nyuma ya nyumba ya watu huko Mtwapa, injini yake, Rotax 503, ikawaka ulipovuta kamba mara ya tatu, na sasa wauliza kama ukiimwaga oili na kubadilisha plagi waweza kuirusha. Hapana. Tena hiyo ni tu-stroki: oili yake huchomwa pamoja na petroli, mimi huchanganya mililita 20 kwa kila lita. Aliyekwambia uimwage oili hajawahi kuifungua.

Yangu ni ya aina hiyohiyo, naiweka chini ya banda la makuti Shanzu, na upepo wa bahari waifikia usiku na mchana. Kilichonila miaka miwili si injini, ni chumvi. Bomba la alumini utaliona lang'aa, lakini pale boliti ya chuma inapopita ndani yake, unyevu wa chumvi ukiingia, metali hizo mbili huanza kulana, na inayoliwa ni alumini. Nje huoni kitu. Siku nilipoigonga boliti ya shina la bawa la kushoto, ilitoka na unga mweupe kama chokaa ya tambuu, na tundu lililokuwa duara limekuwa yai. Bomba hilo ndilo lingenishikilia angani! Nililitupa zima.

Kwa hiyo toa boliti moja baada ya nyingine, tazama tundu kwa tochi, na ndani ya bomba pitisha kamera ndogo ya waya ile ya kuunga na simu. Nati zenye pete ya nailoni usizirudishe, tia mpya. Boliti agiza za ndege, zenye namba za AN. Utaambiwa dukani kwamba hizi za kawaida ni zilezile. Mwambie asante, uende zako.

Waya za kushikilia mabawa zifute kwa kitambaa cha pamba, polepole. Kikinasa popote, uzi mmoja umekatika, na waya huo hautengenezwi.

Kitambaa cha mabawa ni Dacron, yaani poliesta, na adui yake ni jua. Mara nyingi uzi wa mshono huoza kabla ya kitambaa chenyewe. Nina fundi wa matanga Mji wa Kale, mkono wake hauna mfano, naye ndiye aliyenishonea kifuniko. Bawa sikumpa. Tanga la ngalawa likichanika utapiga kasia.

Injini nayo nilijifanya mjuzi. Kati ya kabureta na silinda kuna kipande cha raba. Changu kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, nikauona, nikasema kitasukuma mwezi. Nikaifunga ndege kwenye mnazi, nikaikanyaga mafuta mpaka mwisho. Hewa ikaingia kwenye ufa, mchanganyiko ukapungua petroli, pistoni ikapata moto na kukwama ndani ya silinda. Kimya. Jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kama tumemaliza kelele. Mnazi ule naupenda mpaka leo, maana futi mia tano juu ya mikoko ya Mtwapa ningekuwa nimefunga nini? Raba zote, paipu za mafuta na sili za krankishafti badilisha kabla hujaiwasha tena, hata kama zaonekana nzima.

Makaratasi ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, anza sasa, usingoje umalize kuiunda. Na uwanja wa ndege wa Moi hauko mbali, anga hiyo si ya kuingia kwa kubahatisha.

Baada ya kila siku ya kuruka mimi huiosha kwa maji baridi, ya mfereji, si ya kisima, maana kisima changu kina chumvi.

Anza na boliti za mashina ya mabawa. Ukizitoa, piga picha matundu kwa karibu, kushoto na kulia, tuyatazame kabla hujanunua chochote.