Kabla Hujaandika Barua ya Saa 24

Jumapili iliyopita, saa nne usiku, kijana mmoja anayefanya kazi masijala huko Kanda ya Ziwa aliniandikia hivi: "Dada, nimeangalia ile filamu ya The Lunchbox uliyotusimulia. Sijala, sijalala. Barua ya kuacha kazi nimeshaandika, ya saa 24. Kesho asubuhi naipeleka kwa bosi. Niombee."

Maharage yalikuwa motoni. Nilizima jiko. Nikamjibu asubiri, nikamsihi: mdogo wangu, nipe hadi Ijumaa tu. Alikubali. Kwa hiyo haya ninayoandika leo ni yake kwanza, kisha ni ya ninyi wengine mnaokaa nyuma ya kaunta na kuomba kimoyomoyo kwamba siku moja kitu kitokee, maisha yapinduke, mtoke hapo. Najua mnaomba hivyo kwa sababu nami niliomba.

Barua hiyo, ya kuacha kazi ndani ya siku moja bila notisi, naifahamu. Niliiandika Januari 2015, kwa mkono, kwenye meza ya kulia chakula, watoto wakiwa wamelala.

Wakati huo nilikuwa karani wa madai katika kampuni moja ya bima hapa Dar es Salaam, mwaka wangu wa kumi na moja. Napokea fomu za watu waliopata ajali, nahakiki viambatisho, nagonga muhuri wa tarehe, naingiza karatasi kwenye faili na kuzifunga kwa ule uzi wa kijani wenye vyuma vidogo nchani. Asubuhi faili liko trei ya kushoto, jioni liko trei ya kulia. Aliyewahi kukikalia kiti hicho hana haja ya maelezo zaidi.

Filamu hiyo nilipewa na mwenzangu, DVD ya Kihindi isiyo na mambo ya kuimba na kucheza kwenye milima. Saajan Fernandes, aliyechezwa na hayati Irrfan Khan, ni karani wa madai mjini Mumbai. Wa madai, kama mimi! Ni mgane, amebakiza muda mfupi astaafu, hacheki na mtu. Siku moja wale wabebaji wa chakula wa Mumbai, ambao kwa kawaida hawakosei, wanampelekea chakula ambacho mwanamke aitwaye Ila amempikia mumewe. Vile vyombo vya kupandana vinatua kwenye meza isiyo yake. Anakula, anashangaa. Kesho yake kunakuja kikaratasi kilichokunjwa pamoja na chapati. Naye anajibu. Basi, maisha yamepinduka.

Nililia. Nikajiona mimi ndiye Saajan na mimi ndiye Ila kwa pamoja. Nikaona Mungu ananionyesha njia: nitapika, nitawapelekea watu wa maofisini chakula cha mchana, nitakuwa yule anayepindua maisha ya wengine. Barua ikaenda. Nilikatwa mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi, nikatoka na mfuko mmoja wa vitu vyangu.

Biashara ilidumu miezi minane. Sitaisimulia yote. Nilikuwa na hotpoti arobaini, nikipika Buguruni na kusambaza Posta kwa bodaboda. Wateja walisifu sana pilau. Walikuwa wanakula kwa mkopo hadi mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi kila mtu alikuwa kwenye kikao. Nilipofunga nilikuwa nadai shilingi 1,870,000. Daftari bado ninalo. Lakini kilichoniumiza zaidi ya pesa ni siku niliyopeleka chakula kwenye ofisi yangu ya zamani. Binti aliyekalia kiti changu alinyoosha mkono akapokea hotpoti bila kuinua macho kwenye faili lake. Akasema, "Weka hapo, mama." Hakunidharau, alikuwa kazini. Alifanya vilevile nilivyokuwa nikiwafanyia watu kwa miaka kumi na moja, na ndiyo maana nilishindwa kumkasirikia.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo ninapotaka mnielewe. Kosa langu halikuwa kuacha kazi. Kosa ni kwamba niliiamini filamu mahali ambapo filamu yenyewe inanyamaza. Angalieni zinavyoishia. The Lunchbox inamwacha Saajan kwenye treni na wale wabeba vyombo, hatujui kama atamfikia Ila. Ipo nyingine ya zamani ya Marekani, The Apartment, ya mwaka 1960, ya Billy Wilder. Karani wa kampuni ya bima New York, Baxter, yuko ghorofa ya kumi na tisa, meza namba 861, katika kampuni yenye wafanyakazi 31,259. Ukumbi wenyewe una meza hadi macho yanachoka. Aliyeuunda, Alexandre Trauner, aliweka meza ndogondogo huko nyuma na watoto wakazikalia ili paonekane hapana mwisho. Baxter anawaazima wakubwa chumba chake wakafanyie uzinzi, ili apandishwe cheo. Siku bosi wake anapoutaka tena ufunguo wa chumba, Baxter anamrudishia ufunguo wa choo cha wakubwa na kuondoka kazini. Nilipoitazama nilisimama nikapiga makofi peke yangu sebuleni. Lakini inaishia usiku wa kuamkia mwaka mpya, yeye na mwanamke anayempenda wanacheza karata. Kodi ya Januari hatuoni anailipaje. Mimi kodi ya Januari niliiona, na ya Februari, na ya Machi.

Mwaka 2017 nilirudi kwenye bima, kwa wakala mdogo, mshahara pungufu ya ule wa zamani. Niliingia nimeinamisha kichwa.

Filamu iliyonifumbua macho niliiona mwaka 2023. Nilianza na Living, ya Uingereza, iliyoongozwa na mwana wa Afrika Kusini, Oliver Hermanus, na Bill Nighy akicheza mkuu wa kitengo katika ofisi za London za mwaka 1953. Ikanipa hamu ya kutafuta ile iliyoizaa, Ikiru ya Mjapani Akira Kurosawa, ya mwaka 1952. Dakika 143, nyeusi na nyeupe. Jipeni moyo, msiiache njiani.

Kanji Watanabe ni mkuu wa kitengo katika ofisi za jiji. Miaka karibu thelathini anagonga mihuri. Anagundua ana saratani ya tumbo. Hapo mwanzoni kuna kina mama wanaokuja kulalamika kuhusu dimbwi la maji machafu mtaani kwao, wanaomba lifukiwe pawe uwanja wa watoto kuchezea. Anawaelekeza idara ya ujenzi. Ujenzi wanawaelekeza kwingine, mpaka wanafika afya. Afya wanawapeleka kwingine, na kwingine, dirisha baada ya dirisha, mpaka wanarudi dirisha la kwanza walikoanzia. Mtanzania hahitaji tafsiri ya sehemu hiyo.

Watanabe anakimbia ofisi. Analewa, anatapanya pesa, anafuatana na binti aliyekuwa chini yake kazini, aliyeacha kazi akaenda kiwandani kutengeneza sungura wa kuchezea watoto. Halafu, jamani, anarudi ofisini! Anakaa kwenye kiti kilekile, anafukua kwenye rundo karatasi ya wale kina mama, anavaa kofia na kutoka nayo nje. Saratani haikumpa kazi mpya. Ilimrudisha kwenye faili alilolikimbia.

Nilisimamisha filamu hapo nikakaa gizani, kwa sababu nililiona faili langu.

Alikuwa mama mmoja wa Mbagala. Mumewe aligongwa na daladala. Alileta kila kitu: cheti cha kifo, ripoti ya polisi, hukumu ya kesi ya barabarani, barua ya usimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo. Kwenye barua ya mirathi jina la marehemu liliandikwa Ramadhan, kwenye cheti cha kifo Ramadhani. Irabu moja mwishoni. Nilimrudisha mahakamani. Aliporudi na barua mpya, ripoti ya polisi nayo ilikuwa na Ramadhan, nikamwambia aende polisi. Alikuja mara sita, mara mbili na mtoto mgongoni. Hakuna siku aliyopandisha sauti. Mara ya mwisho nilimwambia, "Mama, acha tu, nitalishughulikia," nikaliweka droo ya chini. Ilikuwa Machi 2014. Januari iliyofuata, nikiwa na kichwa kilichojaa Mumbai, nilikabidhi ufunguo wa droo ile na faili likiwa ndani.

Nilikwenda Mbagala kumtafuta. Mjumbe alinipeleka hadi kwenye nyumba. Mpangaji aliyekuwepo alisema yule mama alishindwa kodi, akarudi kwao Kilwa na watoto, zamani sana. Namba ya simu hana.

Nyumbani nilimalizia filamu. Watanabe anafia kwenye uwanja alioujenga, juu ya bembea, theluji inaanguka, anaimba. Lakini Kurosawa haishii hapo kama wale wengine. Anatupeleka kwenye msiba. Wenzake wa ofisini wanakunywa, wanalia, wanaapa kwamba kuanzia kesho watafanya kazi kama Watanabe. Kesho yake ofisini anakuja mwananchi na shida ya maji machafu, anaelekezwa idara ya ujenzi. Mmoja tu anasimama kwa hasira. Anatazamwa. Anakaa tena, na marundo ya karatasi yanamfunika uso.

Mdogo wangu, ule uchungu uliokunyima usingizi Jumapili ndio uchungu wa wale waliokuwa wakinywa msibani. Ni wa kweli, siubezi. Lakini barua ya kuacha kazi inayoandikwa usiku wa filamu ni kiapo cha msibani. Usiandike barua usiku. Na kama umeshaiandika usiku, usiipeleke asubuhi. Nasema kwa uchungu kwa sababu hakuna aliyeniambia. Tunaomba Mungu apindue maisha yetu, na huku ameshatuletea mtu dirishani mara sita na sisi tumemtuma polisi kufuata irabu. Tutaulizwa juu ya hilo. Mimi naamini tutaulizwa.

Ushauri wangu ni huohuo mmoja, nitaurudia hata mkinichoka: lirudie faili moja kwanza. Liamshe kutoka drooni, lishike mkononi, tembea nalo. Tangu 2023 faili lililokwama silitumi na mhudumu. Napanda nalo ngazi mwenyewe, nakaa kwenye kiti cha wageni mbele ya mkubwa mpaka asaini. Wameshanisema ofisini kwamba nina kihererehere, na sijali. Mwaka jana mzee mmoja wa Tandika alilipwa baada ya kusubiri miaka miwili; alinishika mikono yote miwili akashindwa kusema. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na ile ndiyo siku niliyojisikia nimeajiriwa.

Ukishalimaliza faili hilo moja na bado moyo unataka kutoka, toka, nami nitakuombea kama ulivyoomba. Lakini kesho ukifika masijala, kabla hujagusa trei, fungua droo ya chini kabisa. Lipo moja mle, unalijua hata jina lililoandikwa juu. Jumatatu niandikie uniambie ni la nani.