Invoisi za saplaya zinakwama karantini: usiachilie zote ndo upate moja

SWALI: Habari ya kazi fundi. Mimi ni mhasibu kwa hadwea moja hapa Kondele, Kisumu. Tangu bosi aanze kulipia huduma ya kuchuja spamu, kila asubuhi napata ripoti ya imeli zilizozuiliwa karantini, siku zingine zinafika arobaini, na kati yake huwa kuna invoisi za saplaya wetu wa mabati na simiti. Mwezi jana moja ilikaa huko mpaka ikafutika, saplaya akasimamisha mzigo akidhani tunamkwepa. Fundi aliyetuwekea kompyuta anasema dawa ni kuweka masaplaya wote kwa orodha ya ruhusa pamoja na gmail.com yote, alafu kila asubuhi niwe nabonyeza "achilia zote". Bosi anataka hiyo kitu ifanyike wiki hii. Niendelee?

JIBU: Usiendelee, dada. Na tafadhali mwonyeshe bosi hii kabla hajampigia huyo fundi simu, kwa sababu swali lako mimi nalipata karibu kila wiki, leo ni hadwea ya Kondele, juzi ilikuwa shule ya bweni huko Butere, kabla ya hapo ofisi ya wakili Nakuru, na kila mara wameshaambiwa na mtu kitu kilekile, fungua geti zote zipite. Najua mzigo ukisimama ni hasara ya kweli, mteja wa simiti hakungojei, anavuka barabara anaenda kwa jirani. Lakini hiyo dawa mliyopewa itawatoa kwa hasara ya siku mbili tatu iwaingize kwa hasara ya kufunga duka.

Kitu kinachonikera zaidi kwa hii kazi ni hii imani kwamba imeli ikitoka kwa mtu unayemjua basi iko sawa. Jina la mtumaji kwa imeli linaandikwa na huyo anayetuma. Ni kama bahasha, nyuma unaandika jina lolote unalotaka na stempu inapigwa vilevile. Ndo maana filta haiangalii jina peke yake, inauliza mambo mengine: hii seva (kompyuta inayosafirisha imeli) iliyoleta hii imeli, je, mwenye domeini ya mtumaji, ile sehemu ya anwani baada ya @, ameiorodhesha kama seva yake? (hiyo ndo SPF) Je, imeli ina sahihi ya kidijitali inayolingana na ufunguo ambao mwenye domeini ametangaza? (hiyo ni DKIM) Na je, angalau moja ya hayo mawili imepita na inalingana na domeini ya anwani unayoiona wewe, na isipolingana mwenye domeini amesema ifanywe nini, ipite, ishikwe ama ikataliwe? (DMARC) Alafu inakagua linki na viambatisho. Sasa ukiweka domeini ya saplaya kwa orodha ya ruhusa kwa njia ya kawaida unaiambia filta yako ikiona hilo jina iache kuuliza. Yaani umeajiri askari wa geti alafu umempa karatasi yenye majina ya watu ambao hataangalia hata gari lao limebeba nini, na tapeli yeyote akitaja jina mojawapo anapita.

Ngoja nikupe hesabu yake uone. Kuna programu ya kuchuja inaitwa SpamAssassin, iko kwa hostingi nyingi za bei ya chini ambazo biashara zetu huku zinatumia. Inapea kila imeli alama za uchafu, na kwa kawaida ikifika 5 inahesabiwa spamu. Mtu ukimweka kwa ile orodha ya ruhusa ya kawaida inampunguzia alama 100. Mia nzima. Imeli inaeza kuwa na alama 30 za uchafu, linki ya wizi na kila kitu, na bado iingie kwa inboksi ikiwa safi kabisa, na ile orodha inaangalia jina lililoandikwa tu, haiangalii kama ni yeye kweli. Na gmail.com ndo sielewi hata fundi anawaza nini, akaunti ya Gmail mtu anafungua kwa simu akiwa ndani ya matatu ya Mamboleo, kwa hivyo ukiruhusu gmail.com yote umeruhusu dunia nzima.

Nikuambie kilichotokea kwa agroveti moja Bungoma, na hii nilikaa mimi mwenyewe kwa hiyo meza. Hawa walikuwa wameweka saplaya wao wa mbegu kwa orodha ya ruhusa, wamefanya naye biashara miaka mingi, hakuna aliyeona shida. Kumbe inboksi ya huyo saplaya ilikuwa imedukuliwa. Tapeli alikuwa ndani anasoma mazungumzo yao polepole, alafu siku moja akajibu kwa mazungumzo yaleyale, chini ya imeli zao za zamani, na namba ya LPO, ile oda ya kununua, ilikuwa ile ya kweli. Hapo SPF inapita na DKIM inapita kwa sababu imeli imetoka kwa seva ya saplaya kweli. Kitu kimoja tu ndo kingeiangusha, kiambatisho. Kilikuwa kimeandikwa invoisi lakini kilikuwa ukurasa wa HTML, yaani kama ukurasa wa tovuti, ukifungua unakuuliza paswadi ya imeli yako. Kiambatisho cha namna hiyo filta nzuri inashika. Hii haikushika kwa sababu iliambiwa isimguse huyo mtu.

Mama wa akaunti akaweka paswadi. Mimi nilipoitwa, karibu wiki tatu baadaye, tulifungua mipangilio ya inboksi yake tukapata sheria moja ambayo hakuna mtu hapo dukani aliyeitengeneza: kila imeli yenye neno "payment" ama "invoice" iende moja kwa moja kwa folda ya RSS, ile folda hakuna mtu hufungua, na iwekewe alama ya kuwa imesomwa. Tukafungua hiyo folda. Zilikuwa hapo, imeli za saplaya wa kweli akiuliza pesa yake iko wapi, ya kwanza kwa upole, ya mwisho kwa hasira. Malipo mawili yalikuwa yameshaenda kwa akaunti nyingine. Yule mama alikuwa anazisoma moja moja ameshika mdomo, na mimi hiyo siku sikuwa na la kumwambia, kwa sababu alikuwa amefanya vile alivyofundishwa.

Hii si ya Bungoma peke yake. FBI ya Marekani kwa mwaka 2023 ilipokea malalamiko ya hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9 kwa huu wizi wa imeli za biashara, na hiyo ni ya wale walioripoti. Huku kwetu watu wengi wananyamaza juu ya aibu.

Sasa turudi kwa meza yako. Ile ripoti ya asubuhi usiisome kwa jina la mtumaji, isome kwa sababu ya kuzuiliwa, iko hapo kando ama ukibonyeza imeli inaonekana. Kama imeandikwa spamu ama matangazo, na wewe ulikuwa unangojea hiyo invoisi, ifungue kwa ile sehemu ya kuitazama ikiwa bado ndani ya karantini, hapo haiwezi kukufanyia kitu kama hujabonyeza linki wala kudaunilodi chochote. Angalia anwani kamili, si lile jina kubwa juu. Simu nyingi zinaonyesha jina tu, kwa hivyo hii kazi usiifanyie kwa simu. Tazama herufi moja moja, nimewahi kuona domeini ambayo herufi m ilikuwa r na n zimesongana, kwa skrini ndogo hauezi tofautisha hata ukiwa na miwani. Tazama na anwani ya kujibu, ukikuta imeli imetoka kwa domeini ya kampuni lakini jibu linaenda kwa akaunti nyingine ya bure, iache hapohapo. Ikiwa sawa, achilia hiyo moja na uripoti kwamba haikuwa spamu, ndo filta ijifunze.

Kama sababu ni virusi ama wizi wa paswadi, hiyo si kazi yako wewe mhasibu, hata ukiona jina la saplaya. Microsoft 365, ile huduma ya imeli ya Microsoft, ikija vile ilivyo, imeli za virusi na zile ina uhakika ni za wizi wa paswadi mtumiaji wa kawaida hawezi kujiachilia, ni admini tu, yule msimamizi wa mfumo, na walifanya hivyo makusudi. Nimekuta mafundi wamepeana uadmini kwa ofisi nzima ili "wasisumbuliwe". Hiyo ni kupeana funguo za sefu ili usiulizwe chenji.

Na kuna zile zinazozuiliwa kwa sababu ya aina ya faili, kwa mfano zipu yenye paswadi, filta haiwezi kuona ndani kwa hivyo inashika. Mwambie saplaya atume PDF ya kawaida, imeisha.

Lakini invoisi za mtu mmoja zikishikwa kila wiki, shida mara nyingi iko kwake, na hapa ndo ningetaka bosi wako aweke nguvu. Mara nyingi nikichunguza napata saplaya anatuma imeli za kawaida kupitia huduma moja, na invoisi zinatoka kwa programu yake ya uhasibu kupitia seva nyingine ambayo hajaiorodhesha kwa SPF. Ama fundi wake alijaribu kurekebisha akaongeza rekodi ya pili ya SPF, yaani orodha nyingine ya seva, badala ya kuunganisha kwa ile ya kwanza. Domeini inatakiwa iwe na rekodi moja tu ya SPF, zikiwa mbili zote zinahesabiwa kosa na hakuna inayofanya kazi. Kurekebisha hiyo ni kazi ya dakika kumi kwa mtu anayejua anachofanya, alafu kungojea masaa machache. Na si nyinyi tu itawasaidia, tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza, kila anayetuma kwao anatakiwa awe na SPF ama DKIM, na anayetuma nyingi (Google wanahesabu kuanzia imeli 5,000 kwa siku) awe na zote mbili pamoja na DMARC. Kwa hivyo huyo saplaya wenu huenda kuna wateja wengine hawapati invoisi zake na hajui.

Ikibidi kabisa umruhusu wakati anarekebisha, ruhusu anwani moja, ile ya akaunti zao, kwa sharti kwamba sahihi ya DKIM ipite, na uweke tarehe ya ruhusa kuisha. Huduma nzuri zina hiyo sehemu. Kama fundi hajui iko wapi, hajafika kiwango cha kugusa hiyo mipangilio.

Kuhusu ile iliyofutika, karantini haihifadhi milele. Google Workspace, ile huduma ya imeli za ofisi ya Google, inafuta baada ya siku 30, Microsoft 365 kwa kawaida ni 15 ama 30 kulingana na mlivyoseti na haipiti 30. Huduma yenu sijaiona, lakini siku zake zimeandikwa kwa mipangilio, muulizeni admini. Kagua mara mbili kwa siku, asubuhi na baada ya chakula cha mchana, na ukienda likizo mtu mmoja anayejua masaplaya kwa majina akushikie. Hiyo ya kwako haikufutwa na filta kwa ubaya, ilikaa wiki kadhaa bila mtu kuitazama kwa sababu ripoti ilikuwa na arobaini na mtu alichoka kusoma. Naelewa kuchoka huko. Zima basi zile za matangazo zisiingie kwa ripoti, utabaki na sita ama saba za kusoma.

Jambo lingine, na hili nawaambia wote wanaosoma hapa si huyu dada peke yake. Matapeli wanajua mko na karantini. Saa hii imeli ya wizi ambayo naikuta sana ni ile inayosema "una ujumbe 5 uliozuiliwa, bonyeza hapa kuachilia kabla haujafutwa", ina rangi na nembo kama ile ya kweli, ukibonyeza inakuuliza paswadi. Mtu aliyezoea kubonyeza "achilia zote" kila asubuhi akiwa na chai mkononi hataona tofauti, mikono inaenda yenyewe. Kwa hivyo usiingie karantini kupitia kwa ripoti. Andika anwani ya ukurasa wenyewe kwa brauza, ama uihifadhi kama alamisho, ingia hapo. Na muwashe uthibitisho wa hatua mbili kwa kila akaunti ya imeli hapo dukani, bosi akiwa wa kwanza.

Na fundi akikuambia amemaliza shida ya spamu kwa dakika mbili, muulize amezima nini.

Ile invoisi ya mwezi jana usiitafute tena. Mpigie saplaya kwa namba iliyo kwa delivari noti ya zamani, si namba iliyo kwa imeli yoyote, umweleze ilizuiliwa, aitume upya ukiwa kwa laini, na ikiingia msomee namba ya akaunti ya benki kwa sauti alinganishe na yake. Ikitofautiana hata tarakimu moja msilipe, na kama kuna pesa imeshatoka piga benki yako saa hiyohiyo kabla ya kunipigia mimi, alafu mripoti DCI, wale wapelelezi wa polisi, na KE-CIRT, ile timu ya usalama wa mtandao ya Mamlaka ya Mawasiliano. Ukimpata saplaya kwa simu mwambie pia fundi wake wa domeini aniandikie, nitamtazamia hiyo SPF bila malipo.