Pikipiki ya Pili Iwe ya Kazi Ambayo ya Kwanza Haiiwezi

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia ujumbe ambao nimeona afadhali niujibu hadharani, kwa kuwa najua hayuko peke yake. "Kaka," aliandika, "ninayo pikipiki nyepesi ya cc 700 ambayo naipenda na sina mpango wa kuiuza. Sasa Mungu amenijalia uwezo wa kununua ya pili kwa ajili ya safari ndefu, mimi na mke wangu. Rafiki zangu wote wananiambia nichukue ya mashindano ya cc 1000, kwamba hizi za spoti ya safari ni za wazee. Nishauri."

Ndugu yangu, maneno hayo hayo niliambiwa mimi, tena mbele ya watu, na ndiyo maana jibu langu litakuwa refu.

Pikipiki yangu ya kwanza ni Yamaha MT-07, ambayo ninayo hadi leo. Ina silinda mbili, injini ya cc 689, na uzito wa kilo 180 na kitu ikiwa imejazwa mafuta. Mjini sijaona ya kuishinda: inageuka mahali pafinyu, haichoshi mkono wa klachi, na ukiifungulia gesi kwenye taa za barabarani inaruka bila kusitasita. Tatizo huanza pale safari inapovuka saa ya tatu. Haina kioo cha kukinga upepo, hivyo ukifika kilomita 110 kwa saa kifua chako ndicho kinachoukata upepo, na shingo inafanya kazi ya kuzuia kichwa kisirudi nyuma. Tangi lake ni la lita 14. Kiti cha nyuma ni kipande kidogo cha sponji ambacho mke wangu alikivumilia kwa upendo tu, na kila tuliposimama alishuka akiwa ameshika kiuno.

Nilipotangaza kwa wenzangu tunaoendesha pamoja kwamba natafuta pikipiki ya pili, kila mmoja alinitajia ya mashindano. Niliposema kwamba moyo wangu uko kwenye Yamaha FJR1300, ambayo ni ya spoti ya safari, yaani yenye kasi lakini iliyoundwa kwa safari ndefu, walicheka. Mmoja wao, ambaye nilikuwa namhesabu kuwa rafiki wa karibu, aliniuliza kama ninataka kuanza kubeba abiria kwa nauli. Nilinyamaza. Nilirudi nyumbani nikakaa na karatasi za takwimu za pikipiki zote mbili, na nilichokiona humo ndicho ninachotaka msomaji wangu akione.

Yamaha R1, ambayo ndiyo waliyokuwa wakinisukumia, ina nguvu za farasi karibu 200, na hakuna anayebisha kwamba ni chombo cha ajabu. Lakini torki yake, yaani ile nguvu ya kuvuta unayoihisi mgongoni, ni takribani Nm (newton-mita) 112, na kilele chake hukipata injini ikizunguka mara 11,500 kwa dakika. FJR1300 ina nguvu za farasi pungufu kwa mbali, ila torki yake ni Nm 138 kwenye mizunguko 7,000. Kwa mtu anayetaka kulipita lori akiwa na abiria nyuma na masanduku mawili yaliyojaa nguo, tofauti hiyo ina maana kwamba hahitaji kushusha gia mbili na kuipigisha injini kelele. Anazungusha gesi kidogo na pikipiki inakwenda. Ongeza na mipini: ile ya mashindano imefungwa chini, ili mwendeshaji alale juu ya tangi, na uzito wa kiwiliwili chote unaangukia viganja. Katika uwanja wa mbio hilo ni jambo jema, kwa sababu upepo wa kasi kubwa husaidia kukibeba kifua na mbio zenyewe hazichukui kutwa nzima. Barabarani, kwa mwendo halali na kwa siku nzima, ni mateso yasiyo na faida.

Aina hii ya pikipiki haikubuniwa kwa ajili ya wazee. BMW ilipotoa R100RS mwaka 1976, ikiwa na bodi kamili ya kukinga upepo iliyopimwa kwenye handaki la upepo, yaani mahali pa kupimia jinsi chombo kinavyoukata upepo, lengo lilikuwa mtu aweze kwenda mbali na kwa kasi bila kuchakaa. Honda wakaja na ST1100 mwaka 1990, Yamaha wakaleta FJR1300 mwaka 2001. Waliozinunua walikuwa watu wenye haraka na wenye safari.

Leo hii, ukihesabu na zile zilizoacha kutengenezwa, zimegawanyika makundi mawili, na hapa ndipo pikipiki uliyo nayo tayari inapopaswa kukuongoza. Lipo kundi la nzito zenye shafti, yaani fimbo ya chuma inayopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu la nyuma badala ya mnyororo: FJR1300, Honda ST1300, Kawasaki 1400GTR, BMW R1250RT. Hizi zina uzito wa kuanzia karibu kilo 280 hadi zaidi ya 300. Lipo pia kundi la nyepesi zenye mnyororo: Yamaha Tracer 9, Kawasaki Ninja 1000SX, Suzuki GSX-S1000GT, ambazo zinacheza kati ya kilo 210 na 240. Waandishi wengi wa ushauri husifia hizi nyepesi, na kwa mtu mwenye pikipiki moja tu nakubaliana nao kabisa, maana inabidi ifae sokoni na safarini. Lakini wewe tayari unayo nyepesi. Ukinunua Tracer 9 ukaiweka kando ya pikipiki yako ya cc 700, utakuwa na mbili zinazogombea kazi moja, na baada ya miezi michache mojawapo itakuwa inakusanya vumbi. Kwa hiyo mimi, kwa mtu wa hali yako, nasema chukua nzito, yenye shafti na tangi kubwa. FJR inabeba lita 25, na kwa mwendo wa kawaida inakaribia kilomita 400 kabla hujaanza kutafuta kituo cha mafuta. Wala hutapiga magoti jioni, ukiwa umechoka, kupaka mnyororo oili.

FJR niliyoinunua ilikuwa imetumika, na nilikwenda kuitazama pamoja na fundi ninayemwamini. Muuzaji alikuwa ameing'arisha mpaka inatia macho maji, akatuonyesha rangi, masanduku na redio aliyoifunga mwenyewe. Fundi wangu hakuangalia hata kimoja. Alichuchumaa nyuma, akaomba ruhusa ya kufungua nati ya kumwagia oili ya kile kisanduku cha gia kilichopo kwenye gurudumu la nyuma, akaipokea oili kidogo kwenye kitambaa cheupe na kuisugua kwa kidole gumba. Ilikuwa nyeusi kiasi, yenye kimeremeta chembamba kama unga. Akaniambia unga huo ni wa kawaida kwa gia zinazosagana. Ambacho hakitakiwi ni vipande vinavyochoma kidole. Kisha akamuuliza muuzaji lini gurudumu lilivuliwa mara ya mwisho, na kama meno yanayounganisha shafti na gurudumu yalipakwa grisi siku hiyo. Muuzaji hakuwa na jibu. Tulishusha bei kwa sababu ya ukimya ule, na wiki hiyo hiyo tulivua gurudumu, tukasafisha meno na kuyapaka grisi yenye molibdeni. Watu husema shafti haihitaji matunzo. Inahitaji, ila ni machache: oili yake kwa wakati, na grisi kwenye meno hayo kila unapobadilisha tairi la nyuma.

Kuhusu matairi nilifurahi kuona kwamba pikipiki zangu zote mbili zinavaa vipimo vilevile, 120/70 mbele na 180/55 nyuma, kwenye rimu za inchi 17. Usidanganyike na kulingana huko kwa namba. Watengenezaji kama Michelin na Bridgestone hutoa toleo la GT la matairi yao ya safari, lenye mwili mgumu zaidi, kwa ajili ya pikipiki nzito kama hizi, na duka likikuuzia toleo la kawaida kwa kuwa namba zinafanana, pikipiki itayumba kwenye kona ikiwa na mzigo. Soma pia tarakimu nne zilizo mwishoni mwa alama ya DOT ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pikipiki ya pili hukaa sana, kwa hiyo matairi yake huzeeka kabla ya kuisha.

Upepo ndio jambo ambalo watu hulipuuza wanapojaribu pikipiki kwa dakika kumi. Kioo kirefu si lazima kiwe kizuri. Ukiwa kwenye barabara iliyonyooka na isiyo na magari, inuka kidogo juu ya vikanyagio mpaka kichwa kitokeze juu ya kioo: kama kelele inapungua na helmeti inatulia, basi ulipokuwa umeketi kioo kilikuwa kinakurushia kichwani upepo uliovurugika, na mvurugiko huo ndio unaoleta maumivu ya kichwa mwisho wa siku. FJR ina kioo kinachopanda na kushuka kwa kitufe, na kwa urefu wangu nimegundua kwamba kinanifaa kikiwa nusu, si juu kabisa. Hata kioo kikiwa kizuri, vaa vizibo vya masikio, kwa sababu kuanzia kilomita 100 kwa saa kelele za upepo ndani ya helmeti hutosha kuharibu usikivu wako taratibu bila wewe kujua.

Uzito nao upimwe pikipiki ikiwa imezimwa. Ikiwa inatembea, kilo 290 hutazihisi. Zinajidhihirisha unapoirudisha nyuma kwa miguu kutoka kwenye maegesho yenye mteremko, au unaposimama juu ya changarawe na mke wako anapanda. Isukume mwenyewe mbele ya muuzaji. Ipandishe kwenye stendi kubwa kwa kukanyaga na kuvuta mara moja. Usiposhindwa hayo, barabarani hutapata shida.

Na kwa kuwa ulitaja mke, mpeleke akaikalie kabla hujatoa hata senti. Wa kwangu alikaa, akajaribu mishikio, akaniambia magoti yake yamepata nafasi, na kwangu hapo mjadala ulikuwa umekwisha. Angalia pia uzito wa mzigo unaoruhusiwa, ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki: nyingi za aina hii huruhusu karibu na kilo 200, na watu wazima wawili wenye nguo za kuendeshea na masanduku yaliyojaa hufika hapo upesi kuliko wanavyodhani. Kaza springi ya nyuma kila unapobeba mtu; nyingi zina kirungu au wenzo wa kufanyia hivyo bila spana.

Katika safari yetu kubwa ya hivi karibuni tulikuwa na wale wenzangu wote. Kufikia alasiri wenye pikipiki za mashindano walikuwa wanasimama kila baada ya muda mfupi kukung'uta viganja na kujaza mafuta, nasi tukiwasubiri, mke wangu akiwa na nguvu zake zote. Yule aliyeniuliza habari ya nauli aliomba kuiendesha yangu hadi kituo kilichofuata. Aliporudisha ufunguo aliuliza tu ina kilomita ngapi. Hakuniomba radhi, na sitaficha kwamba jambo hilo bado linaniuma, kwa sababu maneno yake karibu yanifanye nitumie akiba ya miaka kununua kitu cha kumpendeza yeye. Anayechagua pikipiki kwa macho ya wengine ataiendesha kwa mgongo wake mwenyewe, na hao wengine hawatakuwepo saa ya sita ya safari. Vijana mnaonisoma, shikeni hilo kabla ya kutazama namba ya nguvu za farasi.

Kuhusu siku ambazo haitatumika, nunua chaja ndogo ya kutunza betri na uiache imechomekwa, maana kengele ya wizi na saa hunyonya umeme hata pikipiki ikilala. Iache na tangi lililojaa ili unyevu usipate nafasi ndani yake, na ukiiwasha, iendeshe mpaka injini ipate moto kamili, kwani kuiwasha dakika tano na kuizima huacha maji kwenye oili na kwenye ekzosi.

Kabla ya yote hayo, ndugu yangu, azima au kodi FJR, ST1300 au R1250RT kwa siku nzima, upakie masanduku, umpakie mkeo, uende mpaka tangi liishe na urudi. Muuzaji akikuruhusu kuzunguka mtaa mmoja tu, mshukuru na uendelee kutafuta.