Sumaku imenasa mchanga wa Mlima Homa: je, ni madini adimu?

SWALI: Mimi ni fundi wa simu na kompyuta, Barabara ya Luthuli hapa Nairobi. Nyumbani ni Homa Bay, na shamba la baba liko chini ya Mlima Homa. Juzi mtu mmoja alimjia mzee akamwambia mlima ule umejaa madini adimu yanayotengenezea simu. Anataka tumlipe apime udongo kwa mashine yake, kisha atutafutie mnunuzi. Mimi nilichukua sumaku ya diski ya kompyuta, maana nilisoma kwamba ina neodimiamu, moja ya madini hayo, nikaipitisha kwenye mchanga wa kijito. Ilinasa mchanga mweusi mwingi sana. Je, hiyo ni dalili? Madini haya yanatumika wapi hasa, na nyinyi wanajiolojia huyapataje? Na sumaku nilizojaza mkebeni, zina thamani yoyote?

JIBU: Ndugu fundi, umefanya vyema kuuliza kabla mzee hajatoa pesa. Niruhusu nianze na sumaku, kwa sababu wengi huteleza hapo.

Mchanga mweusi ulionaswa ni magnetaiti, yaani oksaidi ya chuma. Miamba mingi ya volkano inayo. Hapa Nairobi kwenyewe, mvua ikishapita, pitisha sumaku hiyohiyo kwenye mchanga uliokusanyika mtaroni na utaona inaota ndevu nyeusi vilevile. Sumaku ya diski ina nguvu kwa sababu ya jinsi atomu zake zilivyopangwa: kwa kila atomu 2 za neodimiamu kuna 14 za chuma na 1 ya boroni. Sehemu kubwa ya mvuto inatoka kwenye chuma. Kazi ya neodimiamu ni kuushikilia mvuto huo uelekee upande mmoja bila kuyumba. Mchanganyiko huo ulipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1980, karibu wakati mmoja, na Masato Sagawa huko Japani na John Croat huko Marekani. Ndani ya mwamba, neodimiamu haiko katika hali hiyo. Imefungamana na fosfati au kaboneti, na sumaku huivuta kwa udhaifu mno kiasi kwamba mkono wako hautahisi chochote. Kwa hiyo mchanga kunaswa hakuthibitishi kitu, na mchanga kutonaswa hakukanushi kitu.

Sasa matumizi. Kundi la madini adimu lina metali 17: zile 15 zinazoanzia lanthanamu na kuishia lutesiamu, pamoja na skandiamu na itriamu. Wewe unazishika kila siku. Kwenye simu, neodimiamu imo ndani ya spika na ndani ya kile kimota kinachoifanya itetemeke. Visikizi vidogo vinavyotoa sauti nene vinategemea sumaku hizohizo. Ukifungua balbu ya LED utaona vidoa vya manjano. Chini ya kila kidoa kuna kichipu kinachotoa mwanga wa buluu, na ule unga wa manjano juu yake una itriamu na seriamu kidogo. Hugeuza sehemu ya buluu kuwa manjano, na jicho lako likivichanganya viwili hivyo linaona mweupe. Kioo cha simu husuguliwa kwa oksaidi ya seriamu hadi king'ae. Jiwe la kiberiti cha gesi linalotoa cheche ni chuma kilichochanganywa na seriamu na ndugu zake. Wazee waliowasha karabai harusini waliitumia metali hiyo pia bila kujua: kile kisoksi kilichong'aa kilikuwa oksaidi ya thoriamu yenye seriamu kama asilimia 1, uvumbuzi wa Carl Auer von Welsbach wa Austria, mtu yuleyule aliyetenganisha neodimiamu na praseodimiamu mwaka 1885. Intaneti inayofika Nairobi kutoka Mombasa hupita kwanza kwenye nyaya za chini ya bahari, na humo mwanga unapofifia huongezewa nguvu na nyuzi za kioo zilizotiwa erbiamu. Hospitalini, dawa wanayodungwa baadhi ya wagonjwa kabla ya kupigwa picha ya MRI ina gadoliniamu.

Lakini kinachoisukuma dunia kuyasaka sasa ni sumaku. Mota za magari ya umeme, mota nyingi zilizo ndani ya gurudumu la bodaboda za umeme tunazoziona mjini, na baadhi ya mitambo mikubwa ya upepo zinahitaji sumaku nyepesi yenye nguvu kubwa. Udhaifu wake ni joto. Sumaku ya kawaida ya aina hii huanza kupoteza nguvu ikipita nyuzi 80 hivi, na kwenye nyuzi 310 sumaku inaisha kabisa. Mota ya gari hupata joto kali, ndiyo maana huongezwa disprosiamu au terbiamu ili sumaku ivumilie. Hizo mbili ni miongoni mwa zile nzito katika kundi, zinapatikana kwa uchache kuliko nyepesi, na bei yake ni ya juu zaidi.

Sasa swali lako kuu, la jinsi tunavyoyapata. Seriamu katika ganda la dunia ni nyingi karibu sawa na shaba. Hata zile chache kabisa kama thuliamu na lutesiamu ni nyingi kuliko dhahabu mara nyingi. Shida ni kwamba zimesambaa kidogo kidogo kila mahali. Huwezi kukuta kipande chake kama unavyookota punje ya dhahabu mtoni Migori, kwa sababu metali hizi hazikai peke yake katika maumbile. Kwa hiyo mwanajiolojia hazitafuti zenyewe kwanza. Anatafuta mwamba mzazi, kisha anamtafuta mwenzake anayetembea nazo.

Mwamba mzazi maarufu unaitwa kabonataiti. Ni mwamba wa volkano, lakini unafanana na chokaa kwa sababu umejaa kaboneti. Magma inapopoa, madini ya kawaida hujijenga kwanza, na atomu za metali hizi hazienei vizuri ndani yake. Zinabaki kwenye majimaji ya mwisho, kama chumvi inavyobaki sufuriani maji yakiisha, na majimaji hayo yakiganda ndipo monazaiti na bastinasaiti, madini yanayobeba metali hizi, hutokea. Ukanda wetu wa Bonde la Ufa umebarikiwa kwa miamba hii. Oldoinyo Lengai huko Tanzania ndiyo volkano pekee duniani iliyo hai inayomwaga lava ya kabonataiti. Kuna Ngualla, Tanzania, Kangankunde, Malawi, na Tororo, Uganda, ambako mwamba huo umechimbwa kwa ajili ya saruji. Kwetu kuna Mrima huko Kwale, Buru karibu na Muhoroni, Ruri, na huo Mlima Homa wenu.

Kwa hiyo yule mtu hakubuni kila kitu. Mlima Homa ni kabonataiti kweli, na jambo hilo linajulikana kwa wanajiolojia kwa miongo mingi. Lakini kuwepo kwa mwamba mzazi si sawa na kuwepo kwa mgodi. Vilima vya kabonataiti ni vingi Afrika Mashariki na vingi havijawahi kuchimbwa kwa ajili ya madini haya.

Mwenzake anayetembea nazo ni thoriamu. Monazaiti huwa na thoriamu ndani yake, na thoriamu hutoa mionzi ya gama inayoweza kupimwa kutoka mbali kidogo. Mgodi wa Mountain Pass huko California uligunduliwa hivyo mwaka 1949: watu walikuwa wakitafuta urani, kipima mionzi kikalia, na walichokuta ni bastinasaiti. Leo kazi huanza angani. Ndege huruka chini chini kwa mistari iliyonyooka ikibeba vipimo viwili, cha sumaku na cha mionzi. Hapa ndipo magnetaiti yako inapopata kazi, kwa maana kabonataiti nyingi zinayo, na kilima chake mara nyingi huonekana kwenye ramani ya sumaku. Kipimo cha mionzi hutenganisha aina tatu: potasiamu, urani na thoriamu. Mahali ambapo thoriamu imepanda sana huku potasiamu ikiwa chini, hapo mwanajiolojia husimama na kuangalia tena. Nakumbusha tu kwamba mionzi hiyo hutoka kwenye udongo wa juu, kama nusu mita hivi. Kilichofunikwa zaidi ya hapo hakionekani.

Baada ya ndege, ni kazi ya miguu. Tunapanga mistari juu ya kilima, tunachukua udongo kila baada ya umbali fulani, tunachimba mitaro palipotoa dalili, na mwisho tunatoboa mwamba kwa drili ili kujua madini yanaenda chini kiasi gani. Udongo mwekundu uliooza juu ya kabonataiti una thamani kubwa kwetu. Mvua ya miaka mingi mno imeyeyusha kaboneti ikaiondoa, na madini magumu yakabaki yakijikusanya. Mrima iko hivyo, na mgodi wa Mount Weld wa Australia pia.

Maabara ndiyo hatua ambayo watu wengi hutapeliwa bila kujua. Monazaiti ni kaidi. Ukiichemsha kwa asidi za kawaida, sehemu yake hubaki chini bila kuyeyuka, na jibu litatoka pungufu. Lazima sampuli iyeyushwe kwanza kwenye tanuri pamoja na chumvi ya lithiamu na boroni, ndipo iingizwe kwenye mashine ya kuhesabu metali moja moja. Ukipeleka sampuli popote, uliza swali hilo: mnaiyeyusha vipi? Ripoti nayo isikuletee jumla tu. Iorodheshe neodimiamu, praseodimiamu, disprosiamu na terbiamu kila moja peke yake, kwa kuwa mlima unaweza kuwa na seriamu tele isiyo na soko la maana.

Sasa fikiria mashine ya yule mgeni. Ikiwa ni kile kipima chuma cha kupitisha juu ya ardhi kinacholia, hakiwezi kabisa kuona madini haya, kwa sababu yakiwa ndani ya mwamba hayapitishi umeme kama metali tupu. Ikiwa ni bunduki ya eksirei ya mkononi, hiyo ni zana halali. Husoma itriamu vizuri, na seriamu kwa kiasi fulani, lakini metali nyingi nzito huipita. Inafaa kuchagua sampuli za kupeleka maabara, haifai kupanga bei.

Na tuseme madini yapo. Kabonataiti nzuri huwa na asilimia chache tu za oksaidi za kundi zima. Mwamba husagwa, huwekwa majini pamoja na kemikali ili madini yaelee na kutengana na taka, kisha huokwa na asidi kali. Hapo bado umepata mchanganyiko wa metali zote. Kuzitenganisha ndiko kugumu, maana kikemia zinafanana mno. Tofauti kubwa ni kwamba atomu zake hupungua ukubwa kidogo kidogo kutoka lanthanamu hadi lutesiamu. Kiwanda hurudia hatua moja mamia ya mara kwenye matangi yaliyopangwa mfululizo, kila tangi likisukuma tofauti hiyo mbele kidogo. Uchina inafanya karibu asilimia 90 ya kazi hiyo duniani, na ilipobana mauzo ya metali 7 mnamo Aprili 2025, viwanda vya magari vya nchi nyingine vilitetereka. Mnunuzi wa udongo mbichi kwa gunia hayupo. Mrima yenyewe imechunguzwa tangu miaka ya 1950. Leseni ya kuichimba ilifutwa mwaka 2013, kesi ikapelekwa kwenye kituo cha usuluhishi wa uwekezaji cha Benki ya Dunia, Kenya ikashinda mwaka 2018, na hadi hapo hapakuwa na mgodi. Kilima kile pia ni msitu wa kaya wa Wadigo, na udongo wake una thoriamu ya kutosha kuhitaji uangalizi.

Upande wa sheria, mwambie mzee hivi. Katiba na Sheria ya Madini ya mwaka 2016 zinasema madini yote yanashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Shamba ni lenu na mna haki ya kuombwa idhini na kulipwa fidia, na mrabaha ukija, jamii ya eneo hupata asilimia 10 na kaunti asilimia 20. Lakini hakuna mtu anayeweza kuwauzia au kuwanunulia madini bila leseni. Mzee asitie sahihi karatasi yoyote. Wewe uko Nairobi, basi panda matatu uende Madini House, Barabara ya Machakos, Industrial Area. Uliza ramani na ripoti ya jiolojia ya eneo la Homa Bay, na uangalie kama kuna yeyote mwenye leseni juu ya mlima wenu. Ramani ya leseni iko pia mtandaoni. Hilo litakueleza zaidi ya mashine ya mgeni, na litakugharimu muda kuliko pesa. Ukichukua sampuli, kilo moja au mbili kutoka sehemu kadhaa zinatosha; lowesha kidogo ili usivute vumbi, nawa mikono, na usiziweke chumbani mnakolala.

Kuhusu mkebe wako: zile sumaku ndizo madini adimu ya uhakika uliyonayo. Karibu asilimia 30 ya uzito wake ni neodimiamu, pamoja na praseodimiamu kidogo, kiwango ambacho hakuna mlima unaokifikia. Tatizo ni uchache, kwa kuwa diski moja hutoa gramu chache tu, na dunia nzima hurejeleza sehemu ndogo sana ya metali hizi. Zitenge na vyuma vingine, muungane mafundi kadhaa pale Luthuli mkusanye kwa kilo, kisha muongee na wanaokusanya taka za kielektroniki kwa leseni. Usizisage, maana unga wake hushika moto wenyewe, na usiutoe ule mpako wa nikeli wa juu. Ukitoka, sumaku hula kutu na kumomonyoka.