Kabla ya kuomba tuzo ya maadili, wape wafanyakazi wako fomu waisome

Kampuni yetu inafanya usafi wa maofisi jijini Dar es Salaam. Tuko watu hamsini na wawili, wengi wao kina mama wa Mbagala, Gongo la Mboto na Kimara, wanaotoka nyumbani saa kumi alfajiri ili wateja wetu wa Posta na Upanga wakifika kazini wakute sakafu imeshakauka. Tulipoamua kwa mara ya kwanza kuomba tuzo ya maadili ya biashara, fomu niliijaza peke yangu, usiku mmoja, mezani kwangu nyumbani. Niliandika kwamba sisi ni waaminifu, tunawathamini watu na tunachukia rushwa. Nikaambatanisha picha tukikabidhi unga na mafuta ya kula kwenye kituo cha watoto yatima. Hatukuvuka hata mchujo wa kwanza.

Nilimwandikia mratibu kuomba maoni ya majaji. Fanya hivyo na wewe, hata kama roho inakuuma. Jibu lilikuwa fupi: tulikuwa tumeeleza tunavyojiona, hatukueleza tulichokifanya.

Zile picha ndizo zilizonifikirisha zaidi. Kusaidia yatima ni jambo jema na bado tunasaidia. Ila tuzo ya maadili inauliza pesa ilivyoingia, kabla ya kuuliza ulivyoigawa: tenda uliipataje, mshahara unaulipa lini, muuza sabuni wa Kariakoo anayekukopesha madumu unamzungusha miezi mingapi. Nilipitia pia maswali ya tuzo inayotolewa Marekani na Better Business Bureau, shirika linalofuatilia uaminifu wa biashara, ile ya Torch Awards for Ethics, nikaona nayo inachimba humo humo: viongozi, wafanyakazi, wateja, jamii. Hundi kubwa ya maboksi haikusaidii kujibu maswali hayo.

Mwaka uliofuata nilianzia kwenye kabati la mafaili. Kila sentensi niliyotaka kuiandika niliitafutia kwanza karatasi yake. Niliandika, "Tunalipa michango yote ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa wakati." Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hatakiwi kukatwa zaidi ya asilimia 10. Nikamwomba mhasibu risiti na orodha za majina za mwaka mzima, tukakaa kuzilinganisha na daftari la mahudhurio. Watu saba, tuliowaajiri tulipochukua jengo jipya, walikuwa wamekatwa miezi mitatu lakini majina yao hayakuwemo kwenye orodha zilizopelekwa. Pesa yao ilikuwa imelala kwenye akaunti ya kampuni. Hakuna aliyeiba, ila mama aliyekatwa na akaunti yake ikabaki tupu hana sababu ya kujali tofauti hiyo. Sikulala usiku ule.

Tulilipa pamoja na adhabu ya kuchelewesha. Tukawaita wote saba, tukawaeleza uso kwa uso, tukawaonyesha risiti. Likabaki suala la fomu. Mwenzangu katika biashara hakutaka hata kulisikia.

"Dada, hilo tusiliandike. Tutakuwa tunajipalia makaa."

"Kaka, majaji wakija wakazungumza na hao saba, hayo makaa yatakuwa yamepaliwa na nani?"

Tuliliandika: tarehe tuliyogundua, kiasi, tarehe tuliyolipa, na utaratibu mpya, kwamba orodha ya michango sasa inakaguliwa na watu wawili dhidi ya daftari la mahudhurio kabla mishahara haijatoka. Kwenye usaili majaji walikaa kwenye ukurasa huo kuliko mwingine wowote. Kama kuna ushauri mmoja tu utakaouchukua hapa, chukua huu: tafuta kosa lenu wenyewe kabla hujatafuta sifa, na lirekebishe hata kama fomu hutaituma kabisa.

Chunga pia usijisifie sheria. Tulikuwa tumeandika kwa fahari kwamba tunatoa likizo ya uzazi ya siku 84. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakudai siku hizo, na 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Inampa mama pia hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, lakini anayefanya kazi Posta na kuishi Mbagala saa hizo zitaishia kwenye foleni. Tulichokuwa nacho cha kueleza ni kwamba mama mmoja aliporudi kazini tulimhamishia jengo la karibu na kwake, kwa mshahara uleule. Hilo tulikuwa tumelisahau. Alitukumbusha yeye mwenyewe.

Kuhusu rushwa, eleza tukio na hasara yake, basi. Sisi msimamizi wa ununuzi wa kampuni moja alitaka asilimia kumi yake kila mwezi ili tupate mkataba. Tulikataa, tukakosa kazi ya zaidi ya milioni tatu kwa mwezi, na tukaambatanisha muhtasari wa kikao tulichoamulia. Jina la mtu wala la kampuni hatukulitaja, kwa sababu fomu inapita mikononi mwa wengi na si mahali pa kumshtaki mtu. Pa kushtakia ni TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, simu 113 ni bure, na sheria ya rushwa ya mwaka 2007 haiishii kwenye ofisi za serikali, inagusa hata kampuni binafsi, mtoaji na mpokeaji wote wawili.

Rasimu ilipokamilika niliichapa kwa Kiswahili, nikaibandika stoo wanakosainia zamu. Siku ya pili mama wa stoo akaja nayo mkononi.

"Dada, hapa mmeandika tunapata glavu mpya kila mwezi. Mwezi wa nne hazikuja. Tulifua zile za zamani."

Nikaifuta ile sentensi, nikaandika ukweli, na glavu za akiba zikanunuliwa wiki hiyo hiyo.

Mengine ni ya kiutendaji. Usiambatanishe hati za mishahara zenye majina ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na heshima ilikuwepo kabla yake. Uliza majaji ni kina nani, na kama mdhamini naye anashindania tuzo. Ukiambiwa umeshinda ila ununue kwanza meza ya chakula cha usiku, achana nao. Na usichanganye tuzo: ya Mwajiri Bora inayotolewa na Chama cha Waajiri ina maswali yake, na zinazotolewa na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, zina yake.

Mara ya pili tulifika hatua ya mwisho, tuzo ikaenda kwa kampuni nyingine. Mwaka huu tunaomba tena. Kila Ijumaa karatasi za wiki zinaingia kwenye mafaili manne: michango, wateja, malalamiko, vifaa vya kazi. La vifaa mama wa stoo ameomba alishike yeye, na ufunguo wa kabati anao.