Kabla ya mashine, ifuate sampuli

Ukipata fedha za kuanzisha kitengo cha kusoma jenomu za vimelea, yaani maelezo yote ya urithi yaliyomo ndani ya kila kimelea, usianze na mashine. Mimi nilianza nayo. Tuliifunga, tukaijaribu, kisha tukafungua kasha la kwanza la sampuli. Tyubu 32, kwenye 11 kati ya hizo wino wa namba ulikuwa umefutika kwa unyevu wa barafu. Ni za nani? Zilichukuliwa lini, kijiji gani? Jenomu ya kirusi cha korona ina herufi zipatazo 30,000, na unaweza kuzisoma zote bila kosa, lakini bila tarehe na mahali huwezi kumwambia daktari ugonjwa unaelekea wapi. Iliniuma sana, maana kila tyubu ni mgonjwa aliyekubali kutobolewa.

Kwa hiyo toka maabara. Fuatana na sampuli moja tangu kitandani kwa mgonjwa hadi kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Angalia imepita mikononi mwa nani, imelala wapi, nani kaandika nini kwenye fomu. Nilipofanya hivyo nilikuta namba ya mgonjwa inaandikwa upya mara tatu njiani! Tukahamia kwenye stika zinazostahimili baridi, namba moja mwanzo hadi mwisho. Ni kazi isiyopigwa picha na wageni, lakini ndiyo iliyotuokoa.

Mashine zimekuwa ndogo siku hizi. Mwaka 2015, Ebola ikiwa Guinea, watafiti walibeba MinION, kifaa kisichofika gramu 100, kwenye mizigo yao ya ndege, na baadhi ya majibu yalitoka ndani ya saa 24. Kinachokwamisha ni vitendanishi, yaani kemikali za kuandaa na kusoma sampuli: vinataka baridi na vinaisha muda haraka. Vyetu viliwahi kuyeyukia forodhani. Agiza kidogo kidogo, na vibali viwe mkononi kabla mzigo haujapaa.

Mchambuzi wa data mwajiri mapema, tena kwa ajira ya kudumu. Mkataba wa mradi ukiisha ataondoka, na ujuzi wote utaondoka naye.

Wala usingoje mlipuko. Soma kifua kikuu sugu, kipindupindu, malaria, ili mikono izoee. Novemba 2021 Botswana na Afrika Kusini ziliweza kuitambua Omicron, aina mpya ya kirusi cha korona, mapema kwa sababu watu wao walikuwa kazini tayari. Malipo yao yakawa kufungiwa safari za ndege, jambo ambalo mpaka leo naliona ni dhuluma. Basi kaa na wizara kabla ya siku hiyo, mkubaliane kwa maandishi nani anapigiwa simu kwanza, nani anatangaza, na data inawekwa wazi baada ya saa ngapi. Makubaliano yetu ni ukurasa mmoja, umebandikwa kwenye mlango wa friza.