Bwana Miti Anajibu: Gogo lichomwe au liachwe lioze?

SWALI: Bwana Miti, shikamoo. Nina msitu wa miti ya mbao. Kila nikipunguza miti, jirani hunisihi nichome magogo yanayobaki, eti uyoga unaoota juu yake utahamia kwenye miti mizima. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Kiberiti kiweke mbali kwanza. Uyoga mwingi uuonao kwenye gogo bovu hula mti uliokwisha kufa. Uyoga huo hauuwezi mti wenye afya. Wakorofi wapo, sikatai. Kuvu za jamii ya Armillaria na Heterobasidion huingilia visikini, zikapita mizizini hadi kwenye miti hai. Ukiona miti inakufa kwa mafungu kuzunguka kisiki, ita mtaalamu.

Sasa chukua kipande cha gogo ukivunje mkononi. Kikikatika vibonge vya kahawia vinavyosagika kuwa unga, kuvu imekula selulosi, yaani nyuzi za mti, na kuacha lignini, ile gundi inayoupa mti ugumu. Kikichanika nyuzinyuzi nyeupe, hata lignini imeliwa, kazi ambayo ni viumbe wachache sana wanaoiweza zaidi ya kuvu.

Wengi huacha matawi na vijiti wakadhani yamewatosha viumbe wanaotegemea miti mifu. Wapi! Gogo nene ndilo linalodumu miongo, na likishaoza hushika maji: libonyeze, yatachuruzika. Hapo ndipo mosi, vile vimea laini vya kijani, hupata unyevu na muda wa kutanda. Kuvumwani, yale magamba ya kijivu ambayo ni kuvu na mwani wakiishi pamoja, ni habari nyingine. Aina zake kadhaa adimu hutaka mti mfu uliosimama, umeambuka gome, mkavu, unaopigwa na mwanga. Basi acha na mingine imesimama, ila mbali na njia. Huanguka bila hodi.

Nchini Ufini, spishi 4,000 hadi 5,000 hutegemea miti iliyokufa, karibu robo ya viumbe wote wa msituni. Misitu ya asili huko huwa na mita za ujazo 60 hadi 120 za miti hiyo kwa hekta. Ya kuvunwa mara nyingi haifiki 10.

Tahadhari moja: kama miti yako ni misonobari au jamaa zake, gogo bichi lenye gome huweza kuzalisha mbawakawa wa magome. Libambue gome mapema. Lililokauka tangu misimu iliyopita halina tena wanachokula.